Wageni Wayahudi wanaomba kuwasha mishumaa ya Sabato hotelini: tuwapangie vipi?

Mapokezi_Bagamoyo aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo ya ufukweni hapa Bagamoyo, na Ijumaa ijayo tunatarajia familia mbili za Kiyahudi zitakazokaa kwetu hadi Jumapili. Mama mmoja kati yao ametuandikia mapema, kwa adabu kabisa, akiuliza kama wataruhusiwa kuwasha mishumaa ya Sabato Ijumaa jioni. Kanuni yetu inakataza moto wa aina yoyote vyumbani, na sababu yake inaeleweka, kwani mabanda yetu yameezekwa kwa makuti, vitanda vyote vina vyandarua, na upepo wa jioni kutoka baharini si wa kuchezea. Meneja ameshauri tuwajibu kwamba watumie taa za umeme, basi yaishe. Mimi naona si vema kumkatia mgeni shauri la ibada yake kabla hatujajua ibada hiyo inadai nini. Je, ni lazima mishumaa iwake chumbani? Huwashwa saa ngapi? Je, mhudumu anaweza kuizima wageni wakishakwenda kulala? Nitashukuru kupata jibu la mtu anayeijua desturi hii, na pia la wenye hoteli waliowahi kupokea wageni wa namna hii.

Mzaliwa_wa_Mbale alijibu:

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kujibu. Mimi ni Myahudi wa jumuiya ya Abayudaya ya huko Mbale, Uganda, ambayo chimbuko lake ni Semei Kakungulu mwaka 1919, na kwa sasa niko Tanga kikazi, kwa hiyo suala la kuiadhimisha Sabato mbali na nyumbani ninalikuta kila wiki.

Msingi wa jambo lenyewe ni huu. Torati, katika Kutoka 35:3, inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, na Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Marabi wa kale wakaagiza kila nyumba iwe na taa iliyowashwa kabla ya wakati huo, kwa heshima ya siku na kwa amani ya nyumba, ili watu wasile wala kutembea gizani. Mwenye kuwasha, ambaye kwa kawaida ni mama wa nyumba, ingawa mwanamume aliye peke yake naye anawajibika, huwasha angalau mishumaa miwili, na wengine huongeza mmoja kwa kila mtoto. Desturi iliyoenea ni kuwasha dakika 18 kabla ya jua kuzama. Wakati huo ukipita na jua likazama, hawatawasha tena hata wakipewa ruhusa, kwa hiyo mtu wenu akichelewa kwa nusu saa na ufunguo wa ukumbi, wageni watakuwa wameikosa taa ya wiki nzima.

Si lazima iwe chumbani. Mahali panapopendelewa hasa ni pale watakapolia chakula cha usiku, kwa hiyo ukumbi wa chakula unafaa sana. Sharti ni kwamba wanufaike na mwanga wenyewe: mishumaa iwe mirefu kiasi cha kuendelea kuwaka watakapoketi kula, maana kuiwasha kisha wakaondoka na kurudi imekwisha hakutimizi kusudi. Waulizeni pia kama kila familia itahitaji kinara chake. Wako wanaoona kila nyumba iwashe na kubariki ya kwake hata wakiwa ukumbi mmoja, na wako wanaosita kubariki mara ya pili mahali penye mwanga tayari.

Jambo ambalo wahudumu wengi hawalijui ni kwamba mishumaa ikishawashwa, wageni hawawezi kuizima, kuihamisha, wala kusogeza kinara chake hadi Sabato iishe. Meza yake iamuliwe mapema, isiwe ile mtakayohitaji kuisogeza baada ya nusu saa. Wala msingoje wawaombe mwizime, kwa sababu kumwomba mtu mwingine awafanyie kazi hiyo nako hawaruhusiwi. Iacheni iishe yenyewe. Mkihofia usiku wa manane, chagueni nao mishumaa ya muda mfupi zaidi. Lakini moto ukishika kitambaa, zimeni papo hapo bila kumwuliza mtu, kwa kuwa kuokoa uhai kunatangulia Sabato, na wao wenyewe wangefanya vivyo hivyo.

Kuhusu umeme, meneja wako hajakosea kabisa, ila jibu hilo si lake kulitoa. Pale ambapo moto umekatazwa kweli, kama wodini hospitali, marabi wengi huruhusu taa ya umeme, hasa balbu ya zamani yenye waya unaowaka kwa joto. Wengine hupendelea tochi ya betri, kwa hoja kwamba nguvu yake imo ndani tayari inapowashwa, kama mafuta yalivyo ndani ya taa ya utambi. Wanatofautiana kama baraka isomwe juu ya taa hiyo au isisomwe. Mwelezeni mgeni hali yenu, naye atachagua kwa kadiri ya mafundisho yake. Msichukulie kwamba ruhusa hiyo inafaa pia kwa Hanuka, sikukuu yetu nyingine ya kuwasha taa, ambapo walio wengi hawakubali umeme kuwa badala ya utambi au mshumaa.

Msimamizi_Raskazone alijibu:

Ninasimamia nyumba ya wageni hapa Tanga, na wageni hawa tumewahi kuwapokea. Yote aliyoeleza ndugu wa Mbale ndiyo tuliyoyaona, nami nitaongeza upande wa usalama. Tafuteni kona ya ukumbi yenye dari ya zege, mbali na makuti na mapazia, isiyopigwa na upepo. Wekeni sinia pana la bati lililojazwa mchanga mkavu, na vinara visimamishwe ndani yake. Glasi ndefu kuzunguka kila mshumaa husaidia sana. Pangaboi la upande huo lizimwe kabla ya kuwasha, maana baada ya hapo wageni hawataigusa swichi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na mhudumu mmoja akae ukumbini hadi mshumaa wa mwisho uishe. Gharama yake ni ndogo mno kuweza kuwa sababu ya kumnyima mtu ibada.

Angalieni na milango. Kama mnatumia kadi za umeme, kwa mgeni wa Sabato kadi hiyo ni kikwazo, kwa hiyo mpeni chumba chenye ufunguo wa chuma. Kama umeme wa chumba hutegemea kadi iliyochomekwa ukutani, kubalianeni ibaki pale hadi Jumamosi usiku, na muwaulize taa ipi iachwe ikiwaka, kwa kawaida ya bafuni.

Mzee_wa_Mji_Mkongwe alijibu:

Kuhusu saa, wanangu, msihangaike. Kuzama kwa jua ndiyo magharibi yetu, na wakati huo kila mtu wa pwani anaujua. Hapa Bagamoyo jua huzama saa 12 na robo hivi mwezi Mei, na hukaribia saa 12:50 mwanzoni mwa Februari. Tahadhari yangu ni moja: misikiti mingine huchelewesha adhana kwa dakika chache ili kuwa na yakini, kwa hiyo msihesabu dakika 18 kutoka kwenye adhana mkadhani mmefika. Hesabuni kutoka kuzama kwa jua kwenyewe, na ukumbi uwe tayari nusu saa kabla.

Tena, mhudumu wa kulinda mishumaa asiwe Mwislamu anayengoja kwenda kuswali, maana nyakati hizo mbili zinagongana. Mpangeni mwingine, au wapokezane, ili pasiwe na mtu anayeacha ibada yake kwa sababu ya ibada ya mwenzake.

Mapokezi_Bagamoyo alijibu:

Shikamoo mzee, nanyi wengine nawashukuru mno. Meneja amesoma majibu yote na amekubali tutumie kona ya ukumbi wa zamani, ambao una dari ya zege. Mama yule pia ametaja mshumaa wa Jumamosi usiku. Je, huo nao una masharti yaleyale?

Mzaliwa_wa_Mbale alijibu:

Hapana, huo ni wa Havdala, yaani kuiaga Sabato. Huwashwa Jumamosi nyota tatu zinapoonekana, wakati ambapo wanaweza tena kushika moto, na aghalabu ni mshumaa uliosukwa wenye tambi zaidi ya moja. Huambatana na kikombe cha divai na viungo vya kunusa, na karafuu zinatumiwa sana, kwa hiyo hilo halitawasumbua. Ibada yenyewe ni ya dakika chache, kisha mshumaa huzimwa na wao wenyewe. Sinia lile la mchanga msiliondoe Jumamosi mchana, na muwaachie kibiriti karibu.