Mchezo wa video wa saa 48: nianze na nini, niache nini?

Swali: Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kushiriki Ludum Dare, shindano lililoanza mwaka 2002, katika kundi la wanaotengeneza mchezo peke yao kwa saa 48, na kanuni inayodai kwamba picha, sauti na muziki vyote vitengenezwe ndani ya muda huo inanitia wasiwasi. Nianze na nini, na niache nini?

Jibu: Anza na kitendo kimoja ambacho mchezaji atakirudia tangu mwanzo hadi mwisho, kama vile kuruka au kusukuma, ukikijaribu kwa miraba mitupu isiyo na michoro, kisipovutia katika hali hiyo, picha nzuri hazitakiokoa. Hadithi ndefu iache. Sauti usizipuuze: mlio mfupi mhusika anapogonga ukuta humfanya mchezaji ahisi uzito wa tendo lake.

Jibu: Nakubaliana. Naongeza kwamba mchezo unaofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari huwafikia watu kwa urahisi kuliko unaopaswa kupakuliwa, kwa hiyo jaribu kuuweka humo usiku wa kwanza, si saa ya mwisho. Tena, wanaoupima ni washiriki wenzako, wenye michezo mingi ya kucheza. Ngazi ya kwanza iwe rahisi kuliko unavyodhani inafaa, maana wewe umeshauzoea.

Muuliza swali: Nawashukuru sana. Je, injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea michezo, inaruhusiwa?

Jibu: Naam, injini na maktaba za msimbo (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) zilizokuwapo kabla hazikatazwi. Ukihitaji msaidizi, hamia kundi la saa 72, linaloruhusu timu.