Mbwa wa jirani kamuuma mwanangu, mwenyewe anasema haimuhusu

MamaZ_Fuoni:
Asalaam alaykum jamani naomba msaada. Mwanangu katoka chuoni (madrasa) anapita njia yake ya kila siku, mbwa wa ulinzi wa nyumba ya jirani akachoropoka geti liko wazi akamrukia, kamuuma paja na mkono, mlinzi anatizama tu. Nimemfata mwenyewe ananambia mtoto kamchokoza mbwa na pale getini kuna kibao MBWA MKALI kwaiyo yeye hana kosa. Jamani mtoto alikuwa barabarani, hajatia mguu kwake! Kibao ndo kinamtoa mtu kosani? Nna uchungu wallahi

KijanaWete:
Pole dada. Kabla ya sheria, mtoto keshapata chanjo ya kichaa cha mbwa? Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha hospitali, na zile sindano ni za siku tofauti usiruke hata moja hata kidonda kikifunga mana dalili zikishatoka ule ugonjwa unaua. Sie huku Pemba ulimalizwa 2014, 2016 ukarudi, mtu asikwambie visiwani haupo. Na mbwa asiuliwe wala asihamishwe, afungwe aangaliwe siku 10, mtafute daktari wa mifugo

Bwana_Mkunazini:
Kibao hakimtoi. Mie naona kinamfunga zaidi, mana kinaonesha alijua mbwa wake mkali. Madai ya fidia kwetu yanafata misingi iliyotoka Uingereza, kwaiyo utaonesha ama alijua tabia ya mbwa wake ama kazembea, na geti wazi mbwa hana mnyororo mlinzi kasimama, huo ni uzembe, na uzembe wa mlinzi akiwa kazini unamrudia aliyemuajiri. Hoja yake kubwa itakuwa hiyo ya kuchokozwa, wahi watu walioona. Nenda polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya mtu alojeruhiwa anayokwenda nayo hospitali, piga picha vidonda, weka risiti zote mpaka za daladala. Kesi unafungua wewe kwa niaba ya mtoto

MamaZ_Fuoni:
Sindano ya mwanzo keshachomwa alhamdulillah. Sasa watu wananambia nimalizane nae kwa sheha tu (kiongozi wa mtaa wetu), ni jirani

Bwana_Mkunazini:
Kwa sheha nenda, si vibaya, ila PF3 iwe mkononi kwanza, na mkikubaliana iandikwe gharama zote za matibabu ya mbele pia na geti lifungwe, msaini mbele ya mashahidi. Usipokee pesa ya soda ukatia saini yameisha, mkono wa mtoto bado haujulikani utaponaje