Mwanangu kaniuliza juu ya jicho la pweza, nimjibu vipi?

Mpweza wa Kojani: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie kazi yangu pweza, kijana wangu yupo kidato cha tatu anasoma sayansi. Juzi tunasafisha pweza kachukua wembe kalipasua jicho, ikatoka lenzi duara kama shanga, nikamwambia unaona mwanangu, kitu kama hiki hakijitengenezi, kina fundi wake. Akanambia baba, mbona la pweza limepangwa vizuri kuliko letu, eti lake mishipa ya fahamu inapita nyuma ya pazia linalopokea mwanga, yetu inapita mbele halafu inatoboa pazia kwenda kwenye ubongo, na hapo penye tundu hatuoni kitu. Fundi gani anaweka waya mbele ya kamera? Nikamgombeza, tangu siku hiyo hanisemeshi vyema. Sitaki aache skuli wala aache dini. Nisaidieni.

Ticha wa Chake: Mzee wangu, kijana kasema kweli. Chora msalaba kushoto na nukta kulia, baina yake sentimita 8, fumba jicho la kushoto, ukodolee msalaba tu, isogeze karatasi, ikifika kama sentimita 30 kutoka jichoni nukta inapotea. Ila mwambie na hili, mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walionesha mna seli kwenye pazia la macho ya aina yetu zinapitisha mwanga katikati ya mishipa kama nyaya za faiba za intaneti, basi asiharakie kusema limewekwa kombo.

Bint Wete: Kaka, muombe radhi kwanza. Wangu nilimgombeza vilevile, akaacha kuniuliza mie akawa anauliza simu.

Mla Urojo: Wamarekani walipelekana mahakamani kwa haya haya, Dover, Pennsylvania, 2005. Jaji akasema hoja ya fundi wa maumbile si sayansi, isifundishwe darasa la sayansi, lakini kama ni kweli au si kweli hilo hakulihukumu. Kwa hiyo mtihani ajibu kama alivyosomeshwa, suala la nani kaumba mzungumze nyumbani, na usiitundike imani yake kwenye jicho moja, kesho ukitoka utafiti mwengine utamwambia nini?

Mpweza wa Kojani: Ahsanteni sana. Nimemuomba radhi, tumekaa barazani na karatasi, wallahi nukta imepotea na mie nimeona! Kacheka. Kesho bamvua, tunashuka pamoja, anataka apasue na jicho la changu alinganishe.