Wanafunzi kutoka Kisumu wanaoenda Pune na Patna: wajikinge na wadudu gani?

Mwalimu_Mamboleo

Wadau wa afya, habari za leo. Kuna kundi la vijana kutoka Kisumu, Siaya na Vihiga wanaokwenda kusoma India. Wengine watakuwa Pune, wengine Patna katika jimbo la Bihar. Natayarisha maelezo ya kurasa mbili ya kuwapa wao na wazazi kabla ya safari. Kila nikigusia mbu, wazazi wananiambia mtoto aliyekulia kando ya ziwa hatishwi na malaria, apewe neti na vidonge vya AL vya kutibu malaria, basi. Sijaridhika na jibu hilo. Wadudu wa huko wanatofautiana vipi na wa kwetu? Kijana abebe nini? Na akirudi nyumbani na homa, afanye nini? Nawaomba mambo ya kutekelezeka, pamoja na vipimo vyake.

Viluwiluwi_Ahero

Mwalimu, una haki ya kutoridhika. Neti inatusaidia sana huku kwa sababu mbu wetu wakuu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huuma zaidi usiku wa manane, watu wakiwa kitandani. Pune adui wa kwanza ni mwingine: Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni. Huyu anauma mchana, hasa saa chache baada ya jua kuchomoza na tena jioni kabla ya kuzama. Kijana anaumwa akiwa darasani, maktabani au kwenye foleni ya chakula, neti ikiwa imekunjwa bwenini. Ndiye anayesambaza dengi na chikungunya, na Zika nayo imewahi kuripotiwa Pune. Mvua kubwa za India huanza Juni hadi Septemba, na wagonjwa wa dengi huongezeka katika miezi hiyo na muda mfupi baadaye. Anayeripoti chuoni Agosti anaingia katikati ya msimu.

Aedes hahitaji dimbwi wala nyayo ya ng'ombe. Anataka maji safi yaliyotulia ndani ya chombo: ndoo ya akiba bafuni, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, trei ya nyuma ya friji, tairi lililotupwa kwenye paa. Upande wa kaskazini, Patna ikiwemo, vyumba vingi vina kipoza hewa cha maji, yaani sanduku kubwa la bati au plastiki lenye feni na beseni la maji chini. Beseni hilo ni kitalu cha mbu ndani ya chumba cha kulala.

Wengi hukosea hapa: wanamwaga maji na kudhani kazi imekwisha. Aedes hatagi mayai juu ya maji. Anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanastahimili ukavu kwa miezi mingi. Ukijaza ndoo upya, yanaanguliwa. Kwa hiyo mwaga, sugua kuta kwa brashi ngumu, anika chombo kikauke kabisa, kisha ndipo ujaze. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ileile, kwa sababu kwenye joto yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukipitisha wiki mbili umechelewa.

Tangi la juu ya jengo haliwezi kumwagwa kila wiki. Hilo linahitaji mfuniko unaokaza, na bomba la kufurika lifungwe wavu laini. Pasipo mfuniko, kuna chembechembe za temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, za asilimia 1: gramu 1 kwa lita 10 za maji, yaani gramu 100 kwa tangi la lita 1,000. Hiyo ni kazi ya wasimamizi wa hosteli. Mwanafunzi anaweza kuuliza kama inafanyika, na aulize bila aibu.

Malaria ya mijini India nayo hutokana na mbu wa tangi, Anopheles stephensi. Huyo sasa yuko jirani: alionekana Djibouti mwaka 2012, akafika Ethiopia, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba amepatikana Marsabit. Hata wazazi watakaobaki Kondele wafunike matangi yao.

Tone_Nene

Viluwiluwi ameeleza vizuri. Mimi ni wa maabara, nitajibu swali la anayerudi na homa.

Huku kwetu malaria karibu yote ni ya Plasmodium falciparum. India kuna falciparum na pia Plasmodium vivax kwa wingi. Vipimo vingi vya haraka vilivyo kwenye vituo vyetu na kwa wahudumu wa afya ya jamii hutafuta protini ya HRP2, ambayo falciparum peke yake ndiyo huitoa. Mwenye vivax atapimwa, mstari mmoja utatokea, ataambiwa hana malaria. Kipimo hakijaharibika, kimeulizwa swali lisilomhusu. India wenyewe hutumia kipimo chenye mistari ya aina zote mbili.

Aliyetoka India aombe slaidi, yaani damu isomwe kwa hadubini, tone nene na utando mwembamba pamoja. Utando mwembamba ugandishwe kwa methanoli; tone nene lisiguswe na methanoli hata kidogo, maana chembe nyekundu hazitapasuka na hutaona kitu. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 dakika 10 hivi, au asilimia 3 dakika 45 hadi 60, na maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2. Msipuuze pH. Yakiwa na asidi zaidi, yale madoadoa mekundu yanayoitambulisha vivax hayajitokezi, na mtaalamu anaweza kuiandika falciparum. Angalieni pia ukubwa: chembe iliyoingiwa na vivax imevimba kuliko jirani zake, na kwenye slaidi moja mtaona vimelea vya rika zote. Kwa falciparum huwa mnaona pete changa na zile zenye umbo la mwezi mchanga.

Kwa nini jina la kimelea ni muhimu? AL itaondoa vivax kwenye damu na mgonjwa atapata nafuu, lakini vivax huacha vimelea vilivyolala ndani ya ini. Wiki au miezi baadaye vinaamka na homa inarudi bila kuumwa na mbu mpya. Vya ini vinahitaji primakwini, kwa kawaida miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku 14. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 15 kwa siku. Kabla ya hapo lazima apimwe kimeng'enya cha G6PD. Upungufu wake si haba katika jamii za huku ziwani, na primakwini humpasua mtu wa aina hiyo chembe za damu: mkojo unakuwa mweusi na damu inapungua ghafla. Mjamzito hapewi kabisa.

Jambo jingine ambalo wazazi wanastahili kulijua. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na vivax huitumia alama hiyo kama mlango. Ni kinga kubwa, ingawa si kamili. Vijana wa Kisumu wenye asili ya Kihindi kwa kawaida hawana kinga hiyo, kwa hiyo msiwape ushauri wa jumla.

Pwani_hadi_Ziwa

Kwa ufupi: kadi ya homa ya manjano. India haina ugonjwa huo lakini ina Aedes wa kuusambaza, ndiyo maana wanamkagua kila anayetoka Kenya. Cheti kinaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Dozi moja inatosha maisha, kadi ya zamani haihitaji kufanywa upya.

Mfamasia_Kakamega

Naomba nigusie hivyo vidonge vya AL vya kubebwa, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari kubwa.

Kijana wa Siaya akipata homa Pune, kichwa kikimpasuka na macho yakimuuma kwa nyuma, atasema ni malaria, atameza AL siku tatu na kungoja. Kama ni dengi, siku hizo ndizo zilizohitaji uangalizi. Mara nyingi hatari ya dengi huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati mgonjwa anadhani anapona. Mishipa midogo huvujisha maji ya damu na shinikizo huanguka. Dalili za kukimbilia hospitali ni maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoka damu, kulegea au kuhangaika, na kukosa mkojo kwa saa nyingi.

Dawa ya homa iwe parasetamoli peke yake, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mtu mzima. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zibaki nyumbani. Hizo ndizo vijana wetu hununua upesi wakiumwa na viungo, na kwa mwenye dengi huongeza kutoka damu. Siku 5 za mwanzo aombe kipimo cha NS1, kinachotafuta protini ya virusi vya dengi; baada ya hapo kingamwili za IgM ndizo zinazosaidia. Na malaria ipimwe siku hiyohiyo, si kubahatisha.

Abebe dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 30 au ikaridini asilimia 20, aipake mchana, na akitumia mafuta ya kukinga jua aipake baada ya mafuta hayo, si kabla. Shati la mikono mirefu. Neti abebe pia, kwa ajili ya Anopheles na wadudu wa usiku.

Kuhusu dawa za kuzuia malaria, daktari ataamua kulingana na mji na muda wa kukaa. Doksisaiklini huendelea wiki 4 baada ya kuondoka eneo la hatari, atovakwoni-proguanili siku 7. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoua vivax aliyelala kwenye ini, kwa hiyo mtu anaweza kumeza zote ipasavyo na bado akaugua miezi baadaye.

Mwalimu_Mamboleo

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimeelewa Pune. Wa Patna je? Nimesoma kwamba Bihar ina kalaazari. Ni ileile ya Baringo na Pokot Magharibi?

Kacheliba_Njia_Panda

Mwalimu, kimelea ni Leishmania donovani kote kuwili, lakini mdudu, makazi na matibabu vinatofautiana.

Anayeambukiza ni nzi wa mchanga, mdogo sana, milimita 2 hadi 3, mwenye manyoya, anayesimamisha mbawa zake kama herufi V akitua. Kwetu, Phlebotomus martini hukaa kwenye vichuguu vya mchwa, kwa hiyo wanaougua ni wachungaji na watoto wanaokaa karibu navyo. Bihar, Phlebotomus argentipes hukaa kwenye nyufa za kuta za udongo na mazizi ya ng'ombe yaliyoshikana na nyumba. Patna mjini, kwenye hosteli ya matofali, hatari ni ndogo. Inapanda mwanafunzi anapokwenda kulala kijijini kwa utafiti au kwa rafiki.

Akienda, alale mbali na zizi, kitanda kiinuliwe, na awashe feni, kwa sababu mdudu huyu ni mnyonge wa kuruka, anarukaruka tu na upepo kidogo humshinda. Neti ya kawaida yenye matundu 156 kwa inchi ya mraba humpitisha. Inayosaidia ni iliyotiwa dawa au yenye matundu madogo zaidi.

Ugonjwa huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 6 kujitokeza, kwa hiyo dalili zinaweza kumkuta ameshafika Kisumu: homa inayozidi wiki mbili, kukonda, bandama kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, na dawa za malaria hazifui dafu. Hapo ni lazima daktari aambiwe Bihar. Kipimo cha haraka cha kalaazari, rK39, husoma vizuri ugonjwa wa India kuliko wa Afrika Mashariki. India hutibu kwa dozi moja ya amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo. Sisi tumezoea sindano za siku 17 za stibogluconate na paromomisini. Asiyeuliza mgonjwa alikotoka atachagua matibabu ya Baringo kwa ugonjwa wa Bihar.

Bihar vijijini pia kuna homa ya ubongo ya Kijapani. Huletwa na Culex wa mashamba ya mpunga anayechukua virusi kwa nguruwe na ndege wa majini. Ahero tuna mpunga na Culex, virusi hivyo hatuna. Anayekwenda kukaa vijijini mwezi mmoja au zaidi achanjwe, kwa kawaida dozi 2 zinazopishana siku 28, kwa hiyo asingoje wiki ya safari.

Tone_Nene

Ongezeni na utitiri wa vichakani, maana vijana watapanda milima wakati wa likizo. Mtoto wa utitiri, mdogo kuliko ncha ya pini, huambukiza taifasi ya vichakani. Alama yake ni kidonda kikavu cheusi kama kilichochomwa na sigara, na hujificha kwapani, kinenani, chini ya titi au kwenye mkanda wa suruali. Mgonjwa mara nyingi hajui kama anacho kwa sababu hakiumi, kwa hiyo anayempima amvue nguo na kutafuta. Tiba ya mtu mzima ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7, na homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku 2. Isiposhuka, tafuteni ugonjwa mwingine.

Kwenye zile kurasa mbili, Mwalimu, weka sehemu ya kujaza: mji, vijiji alivyolala, tarehe ya kuondoka India, na dawa alizomeza. Karatasi hiyo aiweke pamoja na pasipoti, na aitoe kituoni kabla hajatobolewa kidole. Na anayerudi Kisumu baada ya miaka miwili au zaidi alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza, kwa sababu kinga yake dhidi ya falciparum ya hapa itakuwa imepungua.

Mwalimu_Mamboleo

Sehemu hiyo ya kujaza naiweka ukurasa wa kwanza, juu. Nikimaliza rasimu nitaibandika hapa muikosoe.