Mizinga katika filamu yetu ya Kalenga: tuonyeshe nini?

Mdau wa Ipogolo, Iringa
Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha sanaa kinaandaa filamu fupi kuhusu kuanguka kwa ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, Oktoba 1894, na sasa tumefikia tukio la Wajerumani kuipiga ngome kwa mizinga. Mwongozaji anataka kila kombora lifumue moto mkubwa unaopaa juu ya ukuta, kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza. Mimi ninasita, maana siku ya uzinduzi viti vya mbele vitakaliwa na wazee wa Kihehe. Mizinga ya wakati ule ilifanyaje kazi hasa?

Mwalimu wa Historia, Mafinga
Ndugu, moto huo wa kwenye filamu ni petroli, nayo hupendwa kwa sababu inawaka taratibu na kupendeza kwenye kamera. Kombora halisi likipiga ardhi kavu au ukuta wa mawe na udongo, kinachoonekana zaidi ni vumbi na moshi vinavyofumka ghafla, na kinachoua ni vipande vya chuma na mawe ambavyo jicho haliwahi kuviona. Vumbi jekundu mnalo la kutosha, tena la bure.

Kosa lililo baya zaidi liko kwenye mzinga wenyewe. Katika filamu mzinga unalia na kubaki pale pale, ilhali mzinga wa kwanza wa uwanjani uliofanikiwa kuuacha mtutu urudi nyuma peke yake, huku magurudumu yametulia, ni ule wa Kifaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897. Kalenga ilikuwa imeshaanguka. Kwa hiyo kila baada ya mshindo mzinga wote ulirudi nyuma, na wapiga mizinga wakaushika magurudumu, wakausukuma hadi mahali pake na kulenga upya. Onyesheni jasho hilo, na mtazamaji hatalala.

Mkigusia na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, msiweke mapigano marefu ya mizinga, kwa kuwa msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulivamiwa na Wahehe ukiwa njiani na mambo yakaisha kwa muda mfupi mno.

Mdau wa Ipogolo, Iringa
Ahsante sana, Mwalimu. Tumeahidiwa kuazimwa mfano wa mbao wa mzinga mkubwa wa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg. Je, unafaa?

Mstaafu wa Mizinga, Mbeya
Haufai, kijana wangu. Mizinga ile ya milimita 105 ilishuka nchi kavu baada ya meli hiyo kuangamia katika delta ya Rufiji, Julai 1915, ndipo ikaundiwa magurudumu. Mkiupeleka Kalenga mtakuwa mmeruka miaka zaidi ya ishirini. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, na anayeuona ana kwa ana anaelewa mara moja kwamba si mzigo wa kupandisha Uhehe mwaka 1894, wakati mizigo ya msafara ilitoka pwani mabegani mwa wapagazi. Tengenezeni mzinga mdogo.

Fundi wenu wa sauti naye aambiwe kwamba sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera ikiwa kilomita moja kutoka kwenye mzinga, moshi utangulie, na mshindo ufuate baada ya sekunde tatu hivi.

Mdau wa Ipogolo, Iringa
Shikamoo, Mzee, na ahsante. Mfano wa mbao tutaukataa kesho. Kuhusu petroli, mwongozaji bado anabisha.