Smuthi ya machungwa: asubuhi tamu, jioni chungu. Tatizo ni nini?

TunuMbagala

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya jiko, na kama kuna mtu wa dawa apite pia.

Nyumbani tumeamua kupunguza soda. Tupo wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa darasa la tatu, na mama mkwe ambaye ana presha na anameza dawa kila siku. Kwa kuwa machungwa sasa yamejaa sokoni, nanunua fungu, nasaga kwenye blenda alfajiri kabla sijatoka, naacha jagi kwenye friji. Namenya kama wanavyomenya wale wa mkokoteni: naondoa ganda la kijani tu, nakata vipande, natupia humo na tangawizi na sukari vijiko kadhaa. Siku nyingine naongeza maziwa.

Sasa, asubuhi ni tamu kabisa. Jioni mume akirudi anakunja uso, na kweli nikionja naikuta chungu. Simaanishi uchachu, ni uchungu kabisa, kama umetafuna klorokwini. Friji iko sawa, maana vitu vingine haviharibiki.

La pili, nikitia maziwa yanakatika, inakuwa mabonge mabonge. La tatu, shoga yangu kaniambia nichanganye na balungi kwa ajili ya mama mkwe, eti linashusha presha. Hapo nimesita. Naombeni mwongozo.

Kijana_wa_Ubungo

Chungwa unalikata kichwa, unalifyonza, unatupa. Nyie mnalisumbua na umeme halafu mnashangaa likinuna.

MkulimaMuheza

Dada Tunu, jibu lako liko kwenye hilo la kumenya kama wa mkokoteni.

Yule kijana wa mkokoteni anabakisha ile nyama nyeupe kwa sababu mteja atalishika chungwa mkononi na kulikamulia mdomoni. Nyeupe inamsaidia lisipasuke. Mteja hali nyeupe, anaitupa. Wewe unaisaga yote, pamoja na mbegu.

Ndani ya nyeupe, kwenye ngozi za vipande na kwenye mbegu kuna kitu ambacho chungwa likiwa zima hakina ladha. Ukishalisaga, kinakutana na ule uchachu wa maji ya chungwa na taratibu kinageuka kuwa limonini, ambayo ni chungu hata ikiwa kidogo mno. Mageuzi hayo yanachukua saa kadhaa. Ndiyo maana alfajiri huoni kitu na jioni unakutana na klorokwini yako. Friji inachelewesha tu, haizuii. Viwanda vya juisi duniani vinahangaika na jambo hilohilo.

Fanya hivi. Menya kwa kisu hadi uone nyama ya chungwa yenyewe, usiogope kupoteza kidogo. Kisha likate kwa ubavu, yaani kisu kipite katikati kama unaligawa kaskazini na kusini, siyo kutoka kikonyo kwenda chini. Ukikata hivyo mbegu zote zinajitokeza, unazitoa kwa ncha ya kisu. Usage kwa muda mfupi.

Na chagua chungwa. Machanga yana uchungu zaidi, yakikomaa mtini unapungua. Aina nayo ina neno lake: lile lenye kitovu linakuwa chungu haraka likisagwa, Valensia ni pole zaidi. Usidanganywe na rangi. Chungwa la kwetu Muheza linaiva likiwa bado la kijani kwa sababu usiku wa huku hauna baridi ya kuliondolea ukijani. Wewe pima kwa mkono: zito kuliko linavyoonekana, ganda jembamba na laini. Jepesi lenye ganda la mabonde mabonde liache hapo hapo kwenye fungu.

Zuu_Mapishi

Mkulima kamaliza kila kitu kwenye uchungu. Mimi nije kwenye maziwa.

Maziwa na chungwa havikai pamoja. Uchachu unayagandisha, ndivyo hata mtindi unavyoganda. Siyo sumu, mtu asiogope kwamba amekunywa kitu kibovu, ila yanachukiza machoni na mdomoni. Dawa yake ni kutumia kitu ambacho tayari kimeshaganda: mtindi mzito usio na sukari. Huo hauwezi kukatika tena, na unatuliza uchachu. Asiyetaka maziwa kabisa aweke robo ya parachichi au ndizi mbivu, utapata uzito uleule. Tui la nazi linafaa ila inywe papo hapo, likikaa linajitenga.

Ninavyofanya mimi kwa watu wawili: machungwa matatu makubwa yaliyotolewa nyeupe na mbegu, ndizi kisukari mbili zilizoiva hadi zina madoa, kipande cha papai kama kiganja, tangawizi kidogo sana iliyoparuzwa, mtindi nusu kikombe. Chungwa linaingia kwanza ili kisu cha blenda kipate maji ya kushika. Sukari siweki. Ndizi ikiwa imeiva sawasawa hutaikumbuka sukari, na ikiwa haijaiva subiri kesho, usijaribu kuiokoa kwa kijiko.

Ndimu naikamua mwishoni, matone machache tu, wakati blenda imeshazimwa. Inaamsha harufu. Ukiwa na chenza changanya nusu kwa nusu na machungwa, mbegu zake ni kazi ila utaniombea dua.

Barafu: igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya kununua mtaani hujui ilitoka bomba gani.

Kijana_wa_Ubungo

Tende je? Naona watu wanaweka tende.

Zuu_Mapishi

Tende ni sukari iliyovaa kanzu, mdogo wangu. Moja kwa jagi sawa. Sita siyo afya tena.

Tiba_Asili_Kwanza

Napingana na mkulima. Hiyo nyeupe mnayoitupa ndiyo dawa yenyewe. Ina nyuzinyuzi na virutubisho kuliko hata maji ya chungwa. Wazee walikula chungwa na nyeupe yake. Pia dada aanze siku na maji ya moto yenye limau kabla ya kitu chochote, yanasafisha sumu mwilini na kuyeyusha mafuta ya tumbo.

MkulimaMuheza

Kwenye nyeupe hatugombani sana. Nyuzinyuzi zipo, na anayeipenda abakishe utando mwembamba, mradi anywe papo hapo. Lakini Tunu anaacha jagi hadi jioni. Kwa hali yake nyeupe itoke.

Mfamasia_Mstaafu

Nianze na la haraka kwa sababu lina hatari. Tunu, usimpe mama mkwe balungi mpaka umejua anameza dawa gani.

Balungi linazuia kimeng'enya kilichopo kwenye utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu. Kikizuiwa, dawa inaingia nyingi kuliko daktari alivyokusudia, ni kama mgonjwa amezidisha vidonge bila kujua. Kwa dawa za presha, zinazohusika hasa ni za jamii ya nifedipini na felodipini: presha inaweza kushuka kupita kiasi, mtu akasikia kizunguzungu akaanguka. Baadhi ya dawa za kushusha lehemu pia zinahusika, simvastatini ikiwa ya kwanza. Siyo dawa zote za presha zina shida hii, ndiyo maana nasema angalia jina kwenye boksi na uulize ulikochukulia.

Watu huwa wanajibu, "Basi nitampa balungi asubuhi na dawa jioni." Haisaidii. Athari yake inaweza kudumu zaidi ya siku nzima, kwa sababu mwili unahitaji kutengeneza kimeng'enya kipya.

Furungu lichukulieni vilevile. Watu wa pwani, hata danzi, lile chungwa chungu, lina tabia hiyo, kwa hiyo achar ya danzi ile kwa mgonjwa wa presha siyo jambo la kupuuza. Chungwa tamu la kawaida na chenza havina tatizo hilo. Kama mama ana shida ya figo, hapo ulizeni kwanza hata kuhusu machungwa na ndizi, kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo humo.

Na hili la kwamba balungi linashusha presha, asiache mtu dawa kwa ajili yake.

Kwa ndugu wa tiba asili: sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, usiku na mchana, bila limau. Maji ya limau hayayeyushi mafuta. Yanywe kama unayapenda. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia, tena tumbo likiwa tupu, atajuta.

Tiba_Asili_Kwanza

Sawa mzee, nimekusikia kwenye dawa. La limau tutaonana uzi mwingine.

Mama_Kongowea

Hamjambo kutoka Mombasa. Machungwa tunayouziwa hapa Kongowea mengi yatoka huko kwenu Tanzania, kwa hivyo uzi huu wanihusu. Mimi nina sukari ya kupanda. Nimeambiwa niwachane na juisi kabisa. Je, smuthi yaruhusiwa?

Mfamasia_Mstaafu

Dada yangu, aliyekuambia uache juisi amekuambia vizuri. Glasi ya robo lita ya maji ya chungwa yaliyochujwa, hata bila kijiko cha sukari, ina karibu gramu 20 za sukari, na inashuka tumboni kwa mkupuo mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile tunayotia kwenye chai.

Smuthi ina nafuu kwa sababu haichujwi, nyuzinyuzi zinabaki. Lakini blenda imeshakutafunia. Mtu hakai akala machungwa manne mfululizo, ila kuyanywa ni dakika mbili. Uingereza wanashauri juisi na smuthi kwa pamoja zisizidi mililita 150 kwa siku, hiyo ni chini ya glasi, na hapo wanamzungumzia mtu mzima asiye mgonjwa. Kwako wewe, kula chungwa moja zima, baada ya chakula, upime sukari uone linakufanyia nini. Ukitaka smuthi lazima, iwe chungwa moja, tango nusu, mtindi, bila ndizi na bila tende.

Tunu, haya yanakuhusu pia. Vile vijiko vyako kadhaa vya sukari ndivyo vinavyoirudisha soda nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Mama_Kongowea

Nimeshukuru sana. Tango sikuwa nalo akilini.

Neema_wa_Kihonda

Samahanini naingia katikati. Nina ujauzito, kliniki wamesema damu yangu iko chini, wamenipa vidonge vya madini ya chuma. Smuthi hii inasaidia kuongeza damu?

Mfamasia_Mstaafu

Yenyewe haiongezi damu, chuma chake ni kidogo. Inachofanya ni kusaidia mwili ukinyonye chuma cha maharage, mchicha na matembele. Kazi hiyo ni ya vitamini C. Kwa hiyo inywe pamoja na chakula hicho, siyo saa kumi peke yake. Na chai isogeze mbali na chakula na vidonge, kwa sababu chai inafanya kinyume. Vidonge endelea navyo. Ukipata mapera kula, pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa mara tatu na zaidi kwa uzito uleule.

Kijana_wa_Ubungo

Nimesikia vitamini C inakufa robo saa baada ya kusaga. Sasa Tunu anawaachia nini kwenye jagi?

Mfamasia_Mstaafu

Haifi hivyo. Hewa, mwanga na joto vinaipunguza, ila uchachu wa chungwa wenyewe unailinda. Ikifunikwa vizuri na kukaa kwenye baridi, hadi jioni sehemu kubwa ipo. Jaza chupa hadi juu ili hewa ibaki kidogo, jagi la wazi ndilo baya.

Na mtoto akishakunywa asukutue kwa maji ya kawaida. Mswaki usubiri nusu saa, uchachu unalainisha meno kwa muda na mswaki unakwangua.

TunuMbagala

Jamani, asanteni. Nimeangalia boksi la mama mkwe, ni nifedipini. Balungi halitaingia kwenye nyumba hii, na nimeshampigia shoga yangu kwa sababu naye ana mama wa presha.

Mkulima, jana nimemenya hadi nyama na kutoa mbegu zote. Imekaa hadi saa mbili usiku, uchungu hakuna. Mume kauliza nimebadilisha duka. Mtindi wa Zuu umekubali, ila mtoto kasema haina utamu, kazoea sukari. Nimempunguzia hadi kijiko kimoja kwanza, tutashuka taratibu.

Swali la mwisho: kumenya hivi kunachukua muda na alfajiri sina muda. Naweza kuandaa machungwa Jumapili nikayagandisha?

Zuu_Mapishi

Gandisha vipande, usigandishe smuthi iliyokwisha sagwa. Menya, toa mbegu, panga kwenye sinia bila kugusana, yakishakuwa magumu mimina kwenye mfuko na ukamue hewa. Ndizi vilevile, zimenywe kwanza, usije ukagandisha na ganda ukalia. Alfajiri unachukua unachohitaji, unaweka mtindi, na hapo barafu huihitaji tena. Blenda yako ikiwa ndogo acha vipande vilegee dakika kumi, usije ukaunguza mota.

MkulimaMuheza

Na usinunue mengi kwa ajili ya kugandisha kabla hujaonja moja hapo hapo kwa muuzaji. Akikataa usionje, hamia fungu la jirani.