Gumzo la ukoo: Nani anamsindikiza Rukia kliniki?

Jumanne

19:02 Zuhura: Hamjambo nyote. Rukia yuko wiki ya 31. Siku hizi mkojo unamtoka akikohoa, akicheka, hata akiinuka kitini. Ameniruhusu nilitoe hapa kwa sababu ameacha kutoka nje, na kliniki ya Alhamisi anasema haendi. Nataka majina mawili: wa kumpeleka Alhamisi na wa kukaa naye kwenye kikao cha ukoo Jumamosi.

19:15 Zuhura: Naona mmesoma.

19:20 Kassim: Bomba likivuja si huitwa fundi 😂

19:21 Salum: 😂😂 Kassim bwana

19:22 Zuhura: Kassim, nimeomba jina.

19:24 Salum: Mechi leo saa ngapi?

19:24 Kassim: Nne usiku

19:25 Zuhura: Mechi ina kikundi chake!!

19:40 Mwanaidi: Da Zuhura, si ndiyo kawaida ya mimba? Mimi kwa wale pacha ilikuwa hivyohivyo, nikanyamaza, ikapita.

19:41 Zuhura: Ikapita yote?

19:47 Mwanaidi: Karibu yote

19:51 Zuhura: Ndiyo maana nang'ang'ania. Inawapata wengi, lakini haina maana mtu aachwe nayo. Tumbo linakua, mji wa mimba unakikandamiza kibofu, na homoni za ujauzito zinailegeza misuli ya chini ya nyonga inayokibeba. Misuli hiyo inafanyiwa mazoezi ikakaza. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyaandika mazoezi hayo tangu 1948. Sisi bado tunafunga kanga mbili na kunyamaza.

19:58 Mama Mkubwa: Arusi ya Salum niliikosa kwa jambo hilihili.

20:06 Mama Mkubwa: Mkasema nina kiburi.

20:09 Salum: Mama Mkubwa, si ungetuambia tu?

20:11 Mama Mkubwa: Nilimwambia mtu mmoja. Maneno yakanitangulia kufika nyumbani. Na humu yumo.

20:14 Bi Saida: Tusifukue ya zamani jamani

20:15 Mama Mkubwa: Sifukui. Hayakuzikwa.

20:16 Bi Saida: _Ujumbe huu umefutwa_

20:18 Zuhura: Hilo tulizungumze uso kwa uso, na lizungumzwe kweli. Sasa hivi naomba majina.

21:08 Rukia: Nimesoma yote. Jana kwenye foleni nilipiga chafya, nimevaa ile sketi ya kijivu. Nikavua sweta nikalifunga kiunoni, nikaondoka bila kuhudumiwa. Kuanzia hapo nimepunguza maji. Leo kutwa glasi moja tu, nisije nikaaibika tena.

21:09 Zuhura: Pole sana mdogo wangu. Halima yuko wapi??

22:40 Halima: Ndiyo kwanza natoka zamu. Wifi, kanywe maji sasa hivi. Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, unazidi kubanwa. Halafu ukikosa maji unakosa choo, na kujikamua chooni kunaichosha misuli ileile. Cha kupunguza ni kahawa na chai ya rangi. Mjamzito kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku.

22:43 Halima: Zoezi lenyewe: kaa umetulia. Kaza kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, vuta kwenda juu, hesabu, kisha legeza kabisa. Makalio na mapaja yasibane, pumzi usiizuie. Anza na sekunde unazoweza, hata 3, upande taratibu mpaka 10. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Kisha fanya ya harakaharaka, kaza legeza, kaza legeza. Ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza ndipo upige. Usifanyie zoezi chooni kwa kukatiza mkojo, kibofu kitabaki na mkojo. Na usikate tamaa wiki ya kwanza, inaweza kuchukua mpaka miezi 3.

22:45 Halima: Kutoka nje usiache. Zipo pedi za mkojo zenyewe, zinanyonya vizuri kuliko za hedhi.

22:47 Halima: Sasa nijibu haya. Yanatiririka bila kukoma? Ni majimaji yasiyonuka mkojo, au yana damu au ukijani? Hiyo huenda ni chupa imepasuka, unaenda hospitali usiku huuhuu. Na je, unaungua ukikojoa?

22:51 Rukia: Hayatiririki. Ni nikikohoa na kucheka tu, na ni mkojo. Kuungua kidogo, tangu juzi

22:52 Kassim: GOOOLIIIII

22:52 Salum: 🔥🔥🔥 umeona ile pasi??

22:53 Zuhura: NYIE! Rukia anaungua tangu juzi!

22:54 Halima: Homa? Kutetemeka? Mgongo au kiuno kuuma? Uchungu wa kuja na kuondoka?

22:56 Rukia: Hapana, hakuna

22:58 Halima: Basi kesho asubuhi ukapime mkojo, si Alhamisi. Maambukizi kwa mjamzito yanaweza kupanda mpaka kwenye figo. Kimojawapo kikianza usiku, usingoje kuche. Na hapohapo uliza mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga.

23:05 Bibi: 🎤 _Ujumbe wa sauti, 0:48_

23:12 Mwanaidi: Kwa wasioweza kufungua, Bibi anasema: "Kassim. Mama yako alipokuwa na mimba, mimi ndiye niliyemfulia usiku, analia. Aliyekuwa amemkalia kibofu ni wewe. Rukia aende kesho. Asha (ndiye Mama Mkubwa), uje kwangu. Na aliyeyatoa yale maneno ya arusi aje pia, namjua. Nimemaliza."

23:20 Kassim: Samahani Bibi. Samahani sana Rukia.

23:21 Kassim: Kesho nampeleka mimi. Ila gari linatakiwa saa tatu

23:22 Zuhura: Kliniki inafunguliwa saa mbili. Kwenda tumepata. Kurudi nani? Na Jumamosi nani?

23:30 Salum: Jumamosi labda mimi

23:30 Zuhura: Labda si jina Salum

23:34 Rukia: Nimekunywa glasi mbili. Kassim, saa moja na nusu nitakuwa mlangoni.

23:36 Zuhura: Mama Mkubwa, wewe ni jirani na kliniki. Utamrudisha?

00:10 Mama Mkubwa: Nitaongea na Bibi kwanza.